Krimu Iliyokaa Dirishani
Juzi nilifungua kopo la krimu ya uso lililokaa dirishani kwangu, hapa Dar es Salaam, tangu mwaka jana, nikakuta maji yamejitenga na mafuta na harufu imekuwa ya karanga zilizoharibika. Nililitupa, ingawa bei yake iliniuma, kwa sababu vihifadhi vikiisha nguvu, bakteria huweza kuzaliana humo bila kuonekana. Wengi wetu husoma tarehe ya mwisho wa matumizi na kusahau ule mchoro mdogo wa kopo lililo wazi, wenye alama kama 12M, unaohesabu miezi 12 tangu siku ya kufungua. Krimu ya kukinga jua ndiyo ninayoihofia zaidi, maana ikipungua nguvu mtu huungua huku akijiona salama. Sasa zangu hukaa kabatini chumbani, mbali na mvuke wa bafu, na ninazichota kwa kijiko kikavu, si kwa vidole.