Nondo Wanawashiwa Taa, Mimi Nazimiwa Hita

Bili ya umeme imeingia, na mwenye nyumba wangu hapa Uingereza, mzee wa Kiingereza, kaniketisha jikoni kunihutubia juu ya hita. Nikamsikiliza kwa adabu zote za Ngamiani. Lakini wana Tanga, bustanini kwake pana globu ya zebaki ya wati 125, inawaka toka magharibi mpaka alfajiri. Ikiwaka kwa muda wa saa nane inameza uniti nzima, na uniti ya huku ni kama peni 25. Nyinyi wa LUKU pigeni hesabu wenyewe. Inamwakia nani? Nondo, hao wadudu wa usiku kama vipepeo!

Mnaokuja: mkiambiwa bili mtagawana nusu kwa nusu, ulizeni kwanza huyo mwenzenu ana mambo gani ya usiku.

Mambo ya mzee wangu ni kutega nondo ili awahesabu. Taa imekaa juu ya faneli, faneli juu ya sanduku, na ndani kumepangwa trei za mayai. Nondo akiufuata mwanga anatumbukia, anajibanza kwenye vishimo vya trei, analala. Asubuhi mzee anatoa trei moja moja, anamtambua kila mmoja kwa jina na kuandika: tarehe, mahali, aina ya taa, idadi, baridi ya usiku. Kisha anawaachia vichakani, ndege wasiwaone. Waja leo waondoka leo. Orodha inakwenda kwa mhakiki wa jimbo, naye anajitolea tu, halafu inaingia kwenye kumbukumbu za taifa. Kwa kuhesabu mitego ya taa namna hii ndipo walipogundua kuwa nondo wakubwa wa Uingereza wamepungua kwa theluthi kati ya 1968 na 2017.

Hapo hasira yangu ikageuka wivu. Sisi tuna Amani, kule milimani Usambara, Wajerumani waliweka kituo cha utafiti pale tangu 1902, nami nimesoma Muheza hapo chini yake. Sikumsikia mwalimu hata mmoja akitutajia nondo. Tulifundishwa mbung'o na mbu, basi.

Juzi alfajiri mzee kanigongea mlango kama nyumba inaungua. Kapata mgeni: Agrius convolvuli, wa kijivu, mabawa yanafunika kiganja, tumbo lina mistari ya waridi. Hawa wamejaa Afrika na kusini mwa Ulaya, na kila mwaka wachache wanavuka bahari mpaka huku. Hana viza, hajalipa zile pauni 1,035 za afya kwa mwaka tunazotozwa sisi wa viza, na mzee anampiga picha mikono ikimtetemeka. Mimi siku niliyofika nilisomewa kanuni za jiko.

Nikampigia mama Pongwe kwa video, nikamweleza kuwa huyu ndiye mzazi wa kile kiwavi kinene chenye pembe mkiani, kinachomaliza matembele yake.

"Sasa unamtazama nini, mwanangu? Mkanyage!"

Mzee akauliza mama kasemaje. Nikamwambia anakusalimia sana.