Maharage yenye vinundu lakini yamedumaa

Maharage yanaweza kujaa vinundu mizizini na bado yakadumaa. Mara nyingi kinachokosekana ni fosforasi: bakteria wa vinundu hutumia nishati nyingi kunasa naitrojeni ya hewani, na mmea hauwezi kuitengeneza nishati hiyo bila fosforasi. Nayo haitembei sana udongoni. Mzizi humaliza iliyo milimita chache kando yake, basi. Kuvu wa mikoriza huingia ndani ya mzizi na kusambaza nyuzi sentimita kadhaa nje, akileta fosforasi na zinki. Mmea humlipa kwa sukari.

Kuvu huyu hakui bila mzizi hai, kwa hiyo mzalishe kwa kuotesha mtama. Tumia ndoo iliyotobolewa, mchanga, na udongo wa chini ya nyasi za asili (usichote shamba la nyanya, utahamisha minyoo fundo, vijinyoo vinavyoshambulia mizizi). Baada ya miezi 3 hadi 4 kata mashina ya mtama, acha kumwagilia wiki 2, katakata mizizi, changanya na udongo wake. Weka kiganja kimoja chini ya mbegu; ukimwaga juu ya ardhi, mizizi haitamkuta.

DAP (mbolea ya viwandani yenye fosforasi) ikiwa nyingi humfukuza kuvu huyu, maana mmea ulioshiba fosforasi haumhitaji. Kulima mara kwa mara hukata nyuzi. Kabichi na sukuma wiki hazimpokei kabisa.

Maharage yakianza kuchanua, chimba mche, pasua kinundu. Chekundu ndani kinafanya kazi. Cheupe au cha kijani, hapana. Mikoriza yenyewe huonekana kwa darubini tu, baada ya mizizi kutiwa rangi.