Amepoteza tempa

Bwana asifiwe, wapendwa. Juzi binti yangu alikuwa mezani akifanya homuwaki ya Kiingereza, akaniuliza swali nililolala nalo. "Mum, mtu akiwa na tempa, ana hasira. Sasa akipoteza tempa, si hasira zimemwisha? Mbona hapo ndipo anavunja vikombe?"

Nilijitia kukoroga mboga. Jioni hiyohiyo nilikuwa nimemfokea makanga kwenye Jogoo Road kwa ajili ya shilingi 20. Matatu nzima iligeuka kunitazama. Kijana akasema kwa upole, "Mathe, si nilikupea pale City Stadium?" Alikuwa amenipa kweli. Ilikuwa mfukoni mwa sweta.

Basi nikalifuatilia lile neno. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ilikuwa kuchanganya vitu kwa kadiri inayofaa. Watu wa zamani waliamini mwilini mna maji ya aina nne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na yakichanganyika vizuri mtu anatulia. Huo utulivu ndio uliokuwa tempa. Anayeipoteza amepoteza mizani yake. Baadaye Waingereza wakazoea kusema "tempa mbaya", mwishowe "mbaya" ikaachwa njiani na neno likabaki na ubaya wake. Sisi Nairobi tukalipokea likiwa limeshaharibika: "Yule ana tempa, usimguse."

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ikifika Wagalatia 5:23, inalitaja tunda la mwisho la Roho kwa neno lililozaliwa tumbo moja na tempa. Biblia yetu inasema "kiasi". Neno hili tumelibana sana, tukilisikia tunawaza pombe tu.

Mwaka jana nilikwenda Kamukunji kuagiza patasi. Fundi alichukua kipande cha springi kuukuu ya gari, akakichoma mpaka kikawa chekundu, akakitumbukiza majini. Chwaaa! Nikatoa pesa nikidhani kazi imekwisha. Akacheka. "Hii ukiipiga nyundo sasa hivi inavunjika kama glasi." Akaisugua mpaka ikang'aa, akairudisha motoni, safari hii pembeni, polepole, macho hayabanduki. Chuma kikageuka manjano ya majani makavu, kikawa kahawia, kikaanza kuingia zambarau. Hapo akakitoa upesi. Kazi hiyo ya moto wa pili Waingereza wanaiita kwa neno lilelile, tempa.

Kwenye ile matatu nilikuwa chuma kilichotoka majini. Nilijiona nina nguvu, kumbe ni ugumu tu. "Asiye mwepesi wa hasira ni bora kuliko shujaa," inasema Mithali 16:32, nami nilikuwa shujaa wa shilingi 20.

Linalonitisha zaidi ni Hesabu 20. Musa amechoshwa na watu, anawaita waasi, anaupiga mwamba mara mbili badala ya kuuambia tu utoe maji, kama Mungu alivyomwagiza. Na maji yanatoka! Tena mengi, watu wanakunywa na mifugo yao. Ukali ulifanya kazi. Hata hapa mjini unafanya kazi: ukipiga kelele dirishani unahudumiwa haraka, na mpole aliye nyuma yako anaambiwa arudi kesho. Siku ile kwenye mwamba hakuna mwenye kiu aliyeona kosa. Mungu ndiye aliyeliona, na Musa hakuingia katika ile nchi.

Binti yangu nilimjibu siku ya pili, nikamsimulia na habari ya sweta. Alicheka kuliko nilivyotarajia.

Jumatatu nikakutana na yule makanga tena. Nilimwomba msamaha palepale mlangoni, watu wakisukumana kuingia. Akasema haina noma. Nilipompa noti ya 100 alinirudishia chenji sarafu moja moja, akihesabu kwa sauti hadi viti vya nyuma wakasikia. Wote wakaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, ingawa nilichelewa kidogo.