Nilivyochagua springi za valvu za injini yangu ya zamani

Springi nane za zamani nilizisimamisha mezani baada ya kuziosha, nikaweka rula juu yake. Mbili zilikuwa fupi kuliko wenzake kwa karibu milimita 2, na moja nilipoiegemeza kwenye pembemraba ilikuwa imeinama. Hizo hazirudi kwenye silinda hedi, kile kipande cha juu ya silinda zinamokaa valvu, nikasema.

Tamaa yangu ya kwanza ilikuwa kununua ngumu kuliko zote, zile za mashindano. Niliogopa valvu kuelea, maana springi iliyochoka hushindwa kuirudisha valvu kwa wakati injini ikienda kasi. Lakini injini hii ya silinda nne ni ya pushrodi na tapeti bapa: kamshafti, shafti yenye nundu, husukuma tapeti, nayo husukuma fimbo ndefu (pushrodi) inayofungua valvu kupitia roka. Na mimi siipelekei zaidi ya mizunguko 5,000 kwa dakika. Tapeti bapa husugua nundu za kamshafti kwa utando mwembamba tu wa oili, na kila kilo unayoiongeza kwenye springi inaangukia hapo. Kamshafti yangu ilikuwa mpya, sikutaka kuiua.

Basi nikaanza na urefu wa springi valvu ikiwa imefungwa. Siti, yaani pale valvu inapokalia ikifunga, zilikuwa zimekatwa upya, kwa hiyo valvu zilizama zaidi ndani ya hedi na mashina yakachomoza juu. Nilifunga kila valvu na kofia yake (kisahani cha juu ya shina kinachoishika springi) bila springi, nikaivuta kwa mkono mpaka ikakaa barabara kwenye siti, kisha nikapima kwa venia kalipa kutoka inapokalia springi hadi chini ya kofia. Nilitakiwa kupata milimita 40. Moja ilisoma 41.2, nyingine 40.9, na nyingine tena tofauti.

Hapo ndipo ninapomsihi yeyote anayefungua hedi asiparuke. Springi nilizochagua zina ugumu wa kilo 2.5 kwa kila milimita, zikibana kilo 30 kwenye urefu wa 40. Milimita 1.2 ikizidi, kilo 3 zimekwenda, na springi ni mpya kabisa! Niliweka washa nyembamba za chuma chini ya kila springi mpaka zote zikafika 40.

Kamshafti inanyanyua valvu milimita 10, kwa hiyo springi hubanwa mpaka 30. Hizi koili zake hugusana kwenye 26.5, zinabaki milimita 3.5 za usalama. Zile za mashindano zingegusana kwenye 30.5, yaani kabla valvu haijafunguka yote, na pushrodi ingepinda.

Sikuamini maandishi ya boksi peke yake. Niliweka mizani ya kupimia uzito wa mwili chini ya drili ya mezani, nikaibana kila springi mpaka 40. Saba zilisoma kilo 30 au karibu yake. Moja ilisoma 26, nikairudisha nikabadilishiwa.

Wakati wa kufunga, upande wenye koili zilizosongamana niliuelekeza chini, kwenye hedi. Injini ilipowaka, ili kamshafti mpya na tapeti zizoeane, niliiacha ikizunguka kama mara 2,000 kwa dakika, dakika 20, bila kuiacha ishuke.

Baada ya kilomita 1,000 nilifungua kifuniko cha roka na kupitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Nundu ikiliwa, mwanya wa valvu huongezeka. Yote minane ilikuwa pale pale nilipoiacha.