Nilivyoipa nguvu rili ya mjomba kwa spea nilizokereza mwenyewe

Mjomba wangu ni nahodha hapa Tanga. Kaskazi ikishatulia huelekeza mashua yake mkondo wa Pemba kutafuta jodari na nguru. Alasiri moja nilimkuta soko la samaki la Deep Sea amekalia ndoo iliyopinduliwa, rili yake, kile kifaa cha kukunjia mshipi wa kuvulia, mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hebu kaza nyota hiyo mpaka mwisho. Haya, vuta mshipi."

Nikalikaza lile gurudumu dogo la ubavuni lenye umbo la nyota, nikavuta kwa vidole viwili tu, mshipi ukatoka.

"Jodari nimekaa naye karibu saa nzima," akasema. "Nikimleta anaondoka, nikimleta anaondoka. Mwishowe papa kamkata. Nimepandisha kichwa."

Mimi ni fundi mkereza. Kazi nilijifunza kwenye karakana ya shamba la mkonge, nikikereza bushi na shafti za korona, mashine ya kuchambua mkonge, na sasa nina kibanda changu Ngamiani. Rili sikuwahi kuifungua hata siku moja. Nilimwambia mjomba aniachie kwa wiki. Ikaniganda miezi minne.

Kwa asiyeijua rili ya aina hii: hukaa juu ya fimbo, ngoma yake imelala kukingama, na mshipi unajikunja moja kwa moja juu ya ngoma kama kwenye winchi. Ubavuni pana gia kubwa na gia ndogo. Gia kubwa imechimbwa ndani kama kikombe, na humo zimepangwa washa, yaani visahani vyembamba vyenye tundu katikati: ya msuguano, ya chuma, ya msuguano, ya chuma. Baadhi ya zile za chuma zina masikio yanayoshika gia, nyingine zina tundu lenye pande bapa linaloshika bomba la katikati. Ukikaza nyota unazibana zote kwa pamoja. Samaki akivuta kuzidi mbano huo, washa zinateleza na mshipi unatoka badala ya kukatika. Breki ndiyo hiyo, hakuna nyingine.

Nilipofungua, washa za msuguano zilikuwa zimekauka na kukatika pembeni kama ngozi ya kiatu kikuukuu. Za chuma zilikuwa zimepinda; nikiziweka juu ya kioo zinacheza. Nikaifunga rili kwenye jiliwa, nikaunganisha mshipi na mzani wa ndoano, nikavuta huku ngoma imejaa. Nyota imekazwa hadi mwisho, mzani ukasoma kilo 4.

Spea za toleo lile hazitengenezwi tena, kwa hiyo niliamua kuzitengeneza mwenyewe, na siyo kuiga tu zile za zamani. Washa za msuguano nilitaka ziwe za kaboni, kwa sababu kaboni inavumilia joto na haibadiliki tabia sana ikipata moto. Nikaagiza kipande cha bamba la kaboni la milimita 1 kutoka Dar es Salaam. Ukiikata kwa mkasi inachanika nyuzi. Njia iliyonifaa ni kubana vipande kadhaa katikati ya visahani viwili vya mbao ngumu, nikavifunga kwenye mashine na kuvikereza vyote pamoja kama kipande kimoja. Vumbi lake ni baya kwa mapafu. Nilivaa barakoa na kulowesha maji muda wote, na anayetaka kujaribu namsihi afanye vivyo hivyo.

Washa za chuma nilizikata kwenye bamba la stenlesi, kisha nikazisugua moja moja juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo, mpaka uso wote uwe umeguswa. Kazi hii ilinichukua muda kuliko zote na sijutii dakika hata moja. Washa iliyopinda inagusa sehemu chache tu, breki inashika na kuachia, inashika na kuachia, na mshipi hukatika katika ule mshtuko. Grisi nayo nilikosea mwanzo: nilipaka ile ya beringi za baiskeli. Baada ya kuvuta mita kadhaa kwa haraka ilianza kulainika na kutiririka, na mzani ukawa unapanda na kushuka. Nikasafisha zote kwa petroli, nikatumia grisi maalumu ya breki za rili, nyembamba sana, nikaifuta mpaka ukabaki mng'ao tu.

Mzani ukasoma kilo 11. Nilifurahi, nikampelekea mjomba usiku uleule.

Siku ya tatu akarudi na vifundo vya vidole vimevimba. Samaki alipovuta, kitu kilipasuka ndani, mkono wa kuzungushia ukarudi nyuma kwa kasi na kumpiga. Nilipofungua niliona kilichovunjika: ule ulimi mdogo unaoingia kwenye gurudumu la meno chini ya gia kubwa, ndio unaozuia mkono usirudi nyuma.

Hapo nilikaa na kalamu, jambo nililopaswa kulifanya kabla. Ngoma ikiwa imejaa, nusu kipenyo chake ni milimita 35. Kilo 11 mara 35 ni 385. Gia kubwa inaizungusha ndogo mara 2.5, kwa hiyo upande wa gia kubwa nguvu ya kuzungusha ni kama 962. Ulimi unagusa meno milimita 8 tu kutoka katikati. Gawanya: kilo 120. Kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha wangu kilikuwa kinabeba kilo 120, wakati kwa breki ya zamani kilibeba 44 tu. Sikuwa nimeimarisha rili. Nilikuwa nimeihamisha sehemu ya kuvunjika, kutoka kwenye washa ambazo hazina madhara hadi kwenye ulimi uliomuumiza mjomba wangu.

Tangu siku hiyo nilianza kuufuata mvuto kama mtu anavyofuata bomba la maji: kutoka kwa samaki kuingia kwenye mshipi, kwenye ngoma, gia ndogo, gia kubwa, washa, bomba la katikati, gurudumu la meno, ulimi, bamba la ubavuni, halafu ule mguu unaoshika fimbo. Kila kituo nilikiandikia namba yake kwenye daftari.

Ulimi wa kwanza niliochonga nilitumia tupa kuukuu, nikiamini chuma kigumu ndicho chuma imara. Nilipoujaribu kwenye jiliwa kwa kilo 11 ulikatika kavu kama kigae. Chuma cha tupa ni kigumu mno kwa kazi ya kupigwapigwa, na mimi sikukipasha tena moto kukipunguzia ugumu. Bora ulivunjika karakanani. Baadaye nilipata kwa wauza vyuma chakavu kipande cha shafti ya boti, stenlesi nzuri isiyokatika ovyo. Humo nilitoa bomba jipya la katikati na ndimi 2 badala ya 1, zinazoingia kwenye meno kwa wakati mmoja kutoka pande mbili. Kuzilinganisha zishike pamoja kulinichosha. Ikitangulia moja hata kwa upana wa unywele, yenyewe ndiyo inayobeba mzigo wote na ya pili ni pambo. Nilipaka wino kwenye meno, nikakaza, nikaangalia alama, nikapiga tupa mara mbili tatu, nikapaka tena. Siku tatu zilikwenda hivyo.

Baadaye nilisoma kwamba kazi hii ina watangulizi. Huko California, Carl Newell alianza kwa kutengeneza spea za kuimarisha rili za kampuni ya Penn, zikiwemo ngoma za alumini, kabla hajatoa rili kamili zenye jina lake. Nilipolijua hilo niliacha kujiona nahangaika na kitu kisicho na maana.

Mkono wa kuzungushia ulikuja wenyewe, maana mjomba alilalamika kwamba breki imekuwa nzuri lakini kuzungusha ni kazi ya punda. Mkono wa zamani ulikuwa milimita 70: ile 962 ukiigawa kwa 70 unapata karibu kilo 14 kila mzunguko. Nikachonga mpya wa alumini wa milimita 100, ikashuka chini kidogo ya kilo 10. Kishikio nilikiongeza unene kimjae kiganja. Ila baada ya wiki chache za maji ya chumvi, kuzunguka skrubu za stenlesi alumini ilianza kutoa unga mweupe. Metali hizi mbili zikikutana na chumvi, alumini ndiyo huliwa. Nikaweka pete za nailoni katikati na kupaka grisi kwenye kila uzi wa skrubu, na sasa kila wakirudi pwani mjomba huiosha kwa maji baridi kabla hata hajanawa mikono.

Jambo moja lilinigharimu samaki mkubwa, na wengi wanaoongeza breki hawalifikirii. Jodari aliondoka na mshipi mwingi, ngoma ikapungua mpaka nusu kipenyo kikawa kama milimita 20. Nyota haijaguswa, lakini 385 gawanya kwa 20 ni zaidi ya kilo 19. Mshipi ulikuwa wa kilo 22, na fundo siku zote ni dhaifu kuliko mshipi mzima. Ukakatika kwenye fundo. Kwa hiyo nilichora alama ya rangi ubavuni: mshipi ukishuka hadi hapo, legeza nyota robo mzunguko. Na tukiwa nchi kavu tunaweka breki kilo 6 tu kwa mzani, zile 11 ni akiba ya mwisho samaki akishafika chini ya mashua na papa wananusa.

Kaskazi iliyopita alipandisha jodari mzima, kichwa na mkia. Alinipigia simu akiwa bado baharini, sauti ikikatika kwa upepo, akasema tu, "Mjomba, imeshika."

Sasa wenzake wameanza kuleta zao. Mezani nina rili 3, na wenyewe wote wanataka washa za kaboni. Ya kwanza nimeshaifungua: ulimi mmoja, na meno yake yameliwa upande. Nitaanzia hapo, breki siigusi kwanza.