Tulivuka mpaka Malta kwa ajili ya Destiny

Binti yangu ana miaka 12, anaimba kwaya pale parokiani kwetu Catania, kisiwani Sicily, Italia, na tangu mwaka jana ana vidio moja tu anairudia kila asubuhi mpaka mimi huku jikoni nakoroga uji naijua yote kwa kichwa. Kuna msichana wa miaka 13, nywele zake kama za binti yangu, kasimama peke yake kwenye jukwaa kubwa Sofia, Bulgaria, Novemba 2015, anaimba kama mama mtu mzima aliyekwisha kuona mengi. Huyo ndo Destiny Chukunyere wa Malta. Siku hiyo alishinda Eurovision ya watoto, yaani shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, kwa pointi 185, hakuna mtoto aliyewahi kufikisha pointi hizo kabla yake.

Siku moja akaniuliza, mama hivi huyu ni wa wapi hasa. Nikamwambia baba yake Mnigeria, alikuja kucheza mpira wa miguu ligi ya Malta, mama yake Mmalta, na yeye kazaliwa hukohuko. Akasema Malta hii ya hapo ng'ambo? Nikamwambia ndio, hiyohiyo. Akanyamaza kidogo, alafu akauliza kitu ambacho kilinikaa moyoni wiki nzima: "Na wao wanamwona ni wa kwao?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa Tanga, Sicily nimekaa miaka 15, mwanangu kazaliwa hapa, hilo swali halikuwa la Destiny peke yake na wote wawili tulijua. Basi Agosti tukafunga safari.

Tulitoka Catania usiku kwa basi mpaka bandari ya Pozzallo, mwendo wa kama saa mbili hivi, ukifika pale unapanda boti ya mwendo kasi na kwa muda usiofika saa mbili nyingine uko Malta. Bahari ilichafuka siku hiyo. Mtoto alitapika mara tatu, nilimshika paji la uso na kumpa ndimu anuse kama mama yangu alivyokuwa akinifanyia kwenye boti ya Pemba, na mzee mmoja wa Kisicilia akatupa chupa yake ya maji bila kusema neno. Kisiwa kinapoanza kuonekana ni mstari wa rangi ya mkate ulioiva, hakuna mlima, hakuna miti mingi, mawe tu na majumba ya mawe hayohayo, na ukishaingia bandarini kuta za zamani zinakusimamia pande zote mbili mpaka unajikuta unaongea kwa sauti ya chini.

Boti inafunga Marsa, ndani kabisa ya bandari. Watalii wengi wanashuka pale wanapanda teksi wanaondoka bila kuangalia nyuma lakini mimi nilikuwa nimesoma kuhusu Marsa na nilitaka tupite kwa miguu. Ni hivi, mwaka 2013 msichana mwingine wa Malta, Gaia Cauchi, akiwa na miaka 11 alishinda Eurovision ya watoto kule Kyiv, ndio ilikuwa mara ya kwanza Malta kushinda Eurovision yoyote ile, na mwaka uliofuata wakapewa kuandaa wao. Wakaandalia hapo Marsa, ndani ya hangari la kiwanda cha zamani cha kutengeneza meli! Walisafisha, wakafunga taa, nchi nzima ikaangalia watoto wakiimba pale palipokuwa panachomelewa vyuma.

Na Marsa hiyohiyo, tulipofika kwenye raundabauti, tuliwakuta vijana wa Kiafrika wamesimama pembeni ya barabara na vibegi vyao, viatu vina saruji, wanangoja gari lipite liwachukue kwenda kibarua cha ujenzi. Ilikuwa tayari saa nne ya asubuhi, jua kali, waliobaki ni wale ambao siku hiyo hawakupata. Mmoja akatusalimia kwa Kiingereza, "sister". Nikaitikia. Binti yangu aliwaangalia, akaniangalia mimi, hakuuliza kitu. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu na nilihisi unatoa jasho. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha hangari na nimwambie ona, hapa watoto waliimba, na nilimwonyesha, lakini maneno yalitoka machache kuliko nilivyopanga.

Tukapanda basi kwenda Valletta, mji mkuu. Humo ndani kulikuwa na mama kijana na mtoto mdogo mapajani, anamfundisha kuhesabu vidole, na mimi sikuwa nasikiliza hata, mara binti yangu akanivuta nguo. Yule mama alikuwa anasema sitta, sebgħa, tmienja, disgħa. "Mama, wanaongea Kiswahili!" Jamani. Kumbe Kimalta kimetoka kwenye Kiarabu, kikachanganyikana na Kisicilia na Kiitaliano na kinaandikwa kwa herufi za kizungu, kwa hiyo sisi na wao tulichota kisima kimoja. Tuliposhuka nikamtafutia kwenye simu zilizobaki: għoxrin ni ishirini, ħamsin ni hamsini, mija ni mia, elf ni elfu. Dinja ni dunia. Baħar ni bahari. Kanisa wanaita knisja. Na wakiagana wanasema saħħa, yaani afya, ambayo sisi tunayo kwenye siha njema. Siku nzima iliyofuata alikuwa anasoma kila kibao cha barabarani akitafuta ndugu wa maneno yake, na mi nikamwacha, maana nilimwona anatembea tofauti na alivyotembea Marsa.

Malta nzima ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake inaimeza mara tano. Watu nusu milioni na kidogo, na hapo ndo utaelewa Eurovision kwao ni kitu gani, maana usiku ule mmoja wa Mei jina la nchi yao linatajwa mbele ya Ulaya yote sawa na la Ujerumani. Hawajawahi kuishinda ile ya wakubwa. Ira Losco alikuwa wa pili 2002, Chiara akawa wa pili 2005, wakarudi nyumbani na watu bado wanawataja mpaka leo. Kwa hiyo mtoto akitokea na sauti kule wanaanza kumhesabia miaka mpaka afikishe umri wa kupelekwa.

Destiny walimhesabia hivyohivyo. 2017 akaenda Britain's Got Talent, shindano la vipaji la Uingereza, akafika nusu fainali, ana miaka 14. 2019 akaenda Eurovision ya Tel Aviv kumwitikia Michela, mwimbaji wa Malta mwaka ule, nyuma ya jukwaa, sauti yake ipo lakini sura haionekani. Februari 2020 akashinda X Factor Malta, shindano la waimbaji kwenye tivii, na aliyekuwa akimlea kwenye shindano ni huyohuyo Ira Losco, na zawadi ilikuwa ni kwenda Eurovision ya wakubwa Rotterdam Mei ile. Machi korona ikafuta kila kitu.

Hayo nilimsimulia binti yangu tukiwa bustani ya Upper Barrakka, tunangoja mzinga wa saa sita mchana. Kila siku wanapiga pale, askari wamevaa sare za zamani, watu wameegemea kwenye matao na simu zao juu. Nikawa nimefika 2021, walipomteua tena. Kuna kipindi wacheza kamari walimweka namba moja Ulaya nzima, yaani watu wameweka hela zao kwenye koo la mtoto wa miaka 18. Nusu fainali akawa wa kwanza, pointi 325. Fainali ya tarehe 22 Mei majaji wakampa 208, watatu kwa majaji, alafu zikaja kura za watazamaji walioko majumbani, ambazo yeye na nchi yake walikuwa wanazitegemea, zikasomwa 47. Italia na bendi yake Måneskin ikashinda na 524, Destiny akabaki wa saba na 255.

Mzinga ukalia hapo. Mtoto aliruka, moshi ukatanda juu ya maji, kisha akasema, "Arobaini na saba tu?"

Mi usiku ule niliangalia, kamera ikamwendea pale alipokaa na wenzake na nilichoona ni mtoto aliyekuwa anajitahidi uso usimwangushe. Nilitamani niingie kwenye tivii nimfunike khanga. Wa saba kati ya nchi 26 kwenye fainali, kwa nchi ndogo hivi, kwangu ni jambo la kupigiwa vigelegele, na nilimwambia mwanangu hivyo, na ninaandika hapa hivyohivyo: yule binti alifanya kazi kubwa na nilichukia kusikia watu wakiiita hasara.

Njaa ikatushika, tukaingia kwenye kibanda cha pastizzi nje ya geti la mji. Pastizzi ni kama sambusa lakini unga wake ni tabaka nyembamba nyembamba, ukiuma unavunjikia kifuani, ndani kuna jibini laini au njegere za kupondwa na bizari kidogo. Mwuzaji ni bibi wa makamo, mikono yake ina makovu madogo ya tanuri mpaka viwikoni. Akamuuliza binti yangu kwa Kiitaliano mmekuja kuogelea? Akajibu hapana, tumekuja kwa sababu ya Destiny. Yule bibi akaacha koleo lake juu ya trei, akapangusa mikono kwenye aproni, akajigusa kifua, akasema, "Destiny? Tagħna."

Tukamuuliza maana yake. Wetu, akasema. Ni wetu. Akamwongezea pastizzi mbili kwenye karatasi, mafuta yanapenya, na hela yake akaikataa.

Nilimwangalia mwanangu. Alikuwa anatafuna polepole. Baadaye njiani ndo akasema, "Na wale wa Marsa?" Nikamwambia ukweli, kwamba neno kama lile halimfikii kila mtu, na mimi sijui mtu anapaswa kuimba kiasi gani ndio limfikie.

Jumapili tulikwenda Birkirkara, mji aliozaliwa Destiny. Tuliikuta sikukuu ya Mtakatifu Helena, sanamu inatolewa basilika asubuhi na mtaa mzima uko nje, vitambaa vyekundu vinaning'inia kwenye balkoni, karatasi zinamwagwa kutoka juu kama mvua. Na bendi sasa! Matarumbeta kama ya harusi zetu, ila hapa ni watu 50 na zaidi, wazee wenye matumbo, wasichana wa shule, katoto ka miaka tisa hivi kanapuliza klarineti kubwa karibu kulingana na kenyewe. Kila mji una klabu yake ya bendi, kijana anaingia pale akiwa mdogo anafundishwa kusoma noti. Binti yangu alijipenyeza mpaka mbele, akatembea sambamba na yule wa klarineti mtaa mzima, anaangalia vidole vyake tu.

Jioni dereva wa teksi akatupeleka baa moja ambako wazee wanaimba għana. Wanaitamka "aana", ni nyimbo za kujibizana na magitaa, mmoja anatoa beti papo hapo, mwenzake anamjibu, akiteleza kwenye vina watu wanaguna. Nilisisimka mwili. Babu yangu alikuwa anaghani mashairi barazani na wenzake, neno ni hilohilo, kughani, na mzee mmoja pale alifumba macho na kuweka kiganja sikioni sawasawa na babu. Nilijikuta nalia, na binti yangu akanipa kitambaa.

Tulirudi Marsa Jumatatu asubuhi. Pale raundabauti vijana walikuwa wengi zaidi maana ilikuwa bado mapema, na mwanangu ndiye aliyetangulia kuwasalimia. Kwenye ukaguzi wa boti kulikuwa na dada mmoja, akachukua vitambulisho vyetu, akamuuliza mtoto umekuja kutembea? Akasema, nilikuja kwa ajili ya Destiny.

"Umemwona?"

"Hapana. Nimeona kwao."

Yule dada akamtazama kidogo, akaturudishia vitambulisho, saħħa, tukapanda.