Akili Hisia na Utendaji wa Kazi katika Hoteli Zetu

Katika matangazo ya kazi za hoteli ninayoyasoma hapa Unguja, sharti la kuwa mchangamfu na mvumilivu huwekwa sambamba na lugha na cheti, na mara nyingi ndilo linaloamua nani aajiriwe. Mimi ninayewafundisha vijana wanaoingia kazi hizo sina ugomvi na sharti lenyewe. Ninachokitilia shaka ni namna tunavyolielewa, kwa sababu uchangamfu ni tabia inayoonekana kwa nje, ilhali akili hisia ni uwezo wa ndani, na uwezo huo hauna uzito sawa katika kila kazi.

Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani, walipoandika makala yao ya mwaka 1990, waliieleza akili hisia kuwa ni uwezo wa mtu kuzitambua hisia zake na za wengine, kuzipambanua, na kuzitumia katika kuongoza fikra na matendo yake. Miaka mitano baadaye mwandishi Daniel Goleman aliieneza fikra hiyo duniani kwa kitabu chake, na tangu hapo ikabebeshwa mambo mengi yasiyokuwa yake, kama bidii, matumaini na haiba. Nadhani mkanganyiko wa waajiri umetokana na hapo. Mtu anaweza kuwa mcheshi kupita kiasi na asitambue kwamba aliye mbele yake amekasirika.

Tuchukue mwezi wa Julai, ambao kusi huvuma na wageni nao huwa wengi. Boti kutoka Dar es Salaam hufunga gati Malindi ikiwa na abiria waliotapika njiani, wakapanda gari mpaka Paje au Jambiani, na wanapofika mapokezi wakaambiwa kwamba chumba hakijawa tayari. Mgeni anapaza sauti. Mhudumu aliyefundishwa kutabasamu tu atatabasamu, na tabasamu hilo litamkera mgeni zaidi, kwani ataona anapuuzwa. Mwenye akili hisia ataona uso uliopauka na midomo iliyokauka, atajua kwamba hasira hii ilianza baharini, atamkalisha kivulini na kumpa dafu, na baada ya hapo ndipo atamweleza habari ya chumba, akimtajia saa anayoweza kuitimiza. Amesoma hali kabla ya kusema neno. Kumpokea mgeni hakukamiliki bila usomaji huo, ndiyo maana katika kazi za namna hii, pamoja na uuguzi na ualimu, tofauti ya mwenye uwezo huu na asiyekuwa nao huonekana waziwazi katika matokeo.

Uchambuzi wa Dana Joseph na Daniel Newman uliotoka mwaka 2010, ambao ulijumlisha matokeo ya tafiti nyingi za awali, ulionesha kwamba akili hisia huenda pamoja na utendaji bora katika kazi zinazomtaka mtu azitawale hisia zake mbele ya watu. Katika kazi zisizohitaji hivyo uhusiano huo hufifia, na kwa baadhi ya vipimo hugeuka kinyume. Kwa hiyo sioni sababu ya kumnyima kazi fundi wa jenereta kwa kuwa hakuchangamka kwenye usaili. Stéphane Côté na Christopher Miners nao waligundua, katika utafiti wa mwaka 2006, kwamba akili hisia huwasaidia zaidi kazini wale ambao alama zao katika vipimo vya kawaida vya akili ni za chini. Matokeo hayo hunitia moyo ninapokaa na vijana ambao skuli haikuwaendea vizuri.

Upo upande mwingine ambao hauzungumzwi vya kutosha. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild, baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege wa Marekani, alieleza kwamba kuzipanga hisia kwa ajili ya mshahara ni kazi kamili na ina gharama yake. Alitenganisha kuigiza kwa juujuu, ambako mtu huvaa uso asiouhisi, na kuigiza kwa ndani, ambako hujitahidi kuibadili hisia yenyewe. Tafiti za baadaye zimeihusisha zaidi ile ya juujuu na kuchoka roho kazini.

Hapa kwetu gharama hiyo huonekana zaidi Ramadhani. Kijana aliyefunga anabeba sahani za chakula cha mchana tangu saa sita, na saa nane mgeni anarudisha samaki wake kwa mara ya pili. Saumu inamtaka azuie hasira, kazi inamtaka vivyo hivyo, na mwili umeshalegea. Subira anayo, amelelewa nayo, nami najivunia kuiona kwa vijana wetu. Lakini mwajiri anayeidhania subira hiyo kuwa haina mwisho, akampangia zamu mbili mfululizo, anatumia mali ambayo si yeye aliyeichuma.

Ninapoombwa ushauri juu ya usaili, napendekeza mwombaji asomewe tukio la kweli, kisha aulizwe mgeni yule anahisi nini na kwa nini, kabla ya kuulizwa angefanya nini. Wengi hurukia suluhisho, na hapo ndipo pa kuanzia mafunzo yao. Msimamizi wa zamu naye aulizwe maswali hayo hayo, ila tukio limhusu mtumishi aliye chini yake. Akijibu vizuri, hoteli impe pia mamlaka ya kubadili ratiba siku hiyo hiyo bila kusubiri idhini ya ofisi, maana kuijua hali ya mtumishi bila kuwa na uwezo wa kumpumzisha hakumsaidii yeyote kati yao.